Kuvalilia

Hasira ya Kimya ilikuwa na tabia ya kupanda taratibu kama maziwa jikoni, na siku hiyo ilimkuta amepiga magoti chini ya meza ya kukatia, anaokota sindano. Akiwa huko chini alisikia neno lake linachekwa.

"Mvalilizi wetu leo atakuja kuchukua shati," binamu yake, Redio, alikuwa akisema pale kaunta. "Hamjui kuvalilia nyinyi? Kuvalilia ni kuvaa shati la marehemu kwa kuwa hujampata wa kukununulia jipya!"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa upande wa mtandio. Mafundi nao wakacheka, kwa sababu Redio alikuwa binti wa mwenye duka, na kicheko cha kumchekea hakina gharama.

Kimya aliinuka haraka, akajigonga kichwa kwenye ukingo wa meza. Hata maumivu hakuyasikia.

Maneno yote yaliyochekwa katika duka lile la kushonea yalikuwa yake. Shangazi yake alikuwa na cherehani tano chumba kimoja, na zikikanyagwa kwa pamoja hakuna sentensi ndefu iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Na Kimya, aliyeacha shule darasa la tano na tangu hapo akawa anashona vifungo na kupiga pasi, hakupenda kupaza sauti. Basi akaanza kutunga maneno mafupi. Kufyutika: kuvuta tumbo ndani wakati wa kupimwa, kisha kulilaumu gauni. Kesholesho: ile kesho ya fundi, isiyomo kwenye kalenda yoyote. Mdungusho: sindano iliyoanguka, ambayo macho hayaioni mpaka mguu uione kwanza. Mnyatazamo: mteja anayesimama nyuma yako kuangalia mikono yako mpaka ukosee, akasema alijua.

Mafundi waliyapenda. Likitupwa neno moja katikati ya kelele, chumba kizima kilielewa.

Redio ndiye aliyeyapeleka kaunta. Kila asubuhi alikuja kuegemea meza ya pasi. "Haya, mtoto wa mjomba, leo umetuzalia nini?" Kimya alimpa. Mwanzoni alifurahi kusikia wateja wanacheka, hata walipomwambia Redio, "Wewe dada una kipaji," na Redio akainamisha kichwa kama bibi harusi. Furaha hiyo haikukaa sana. Alipojaribu kulalamika, Redio alimtazama kwa huruma. "Yako kivipi? Maneno yana mwenyewe? Kimya kingi kina mshindo mkuu, sawa, ila chako wewe, mdogo wangu, ni kimya tu."

Lakini kuvalilia hakumpa. Neno hilo Redio alilidokoa.

Kulikuwa na mteja mmoja mjane, mama mrefu asiye na maneno mengi. Tangu mumewe afariki, alikuwa akileta mashati ya marehemu moja baada ya jingine yapunguzwe mabega ayavae mwenyewe. Shati la kwanza alitaka lipunguzwe kidogo sana. "Lisije likamsahau," alisema, kisha akatazama pembeni kama mtu aliyekohoa mbele za watu. Kimya alipokuwa akilipiga pasi lile shati, neno lilimjia lenyewe. Alimnong'oneza fundi wa cherehani ya jirani: "Kuvalilia. Ni kuvaa nguo ya uliyempenda mpaka mwili wako uizoee, kwa sababu wewe mwenyewe hujazoea." Fundi hakucheka. Ila Redio alikuwa nyuma yao anatafuta uzi, na masikio yake hayakuwahi kupumzika tangu azaliwe.

Sasa Kimya alisimama kando ya meza na kichwa kinapwita. Kabla hajafungua mdomo, alimwona mjane mlangoni. Hakukuwa na haja ya kuuliza amesikia nini.

"Nani amesema hivyo?" mjane aliuliza. Hakupaza sauti, lakini cherehani zilinyamaza moja moja.

Redio aligeuka, akamwona. Kisha, upesi kuliko mtu anavyoondoa mkono kwenye pasi, akanyoosha kidole. "Si mimi, mama. Mimi nimerudia tu. Mwenye maneno ni yule pale, muulize yeyote humu ndani! Mimi siku zote namwambia, mdogo wangu, acha."

Shangazi alitoka kwenye pazia la chumba cha kupimia, tepe shingoni. Mara moja alielewa kilichotokea, na mara moja akaamua nani alipe. Alimvuta Kimya pembeni kwa kiwiko.

"Piga magoti umwombe radhi."

"Shangazi, sikusema vile. Maana ile ni ya Redio."

"Kwani nimekuuliza maana? Huyu mama ana ndugu mji mzima." Shangazi alishusha sauti zaidi. "Cherehani ile ya dirishani, ya fundi aliyeondoka. Si uliniomba? Omba radhi, uikalie kesho. Usipoomba, utashona vifungo mpaka nywele ziote mvi."

Cherehani ile Kimya aliiota hata mchana. Angeweza kupiga magoti. Magoti yake yalishaizoea sakafu ile. Lakini akipiga, maana ya Redio ingebaki kuwa yake yeye maisha yake yote, na mjane angeondoka nayo kifuani.

Alimpita shangazi. Akasimama mbele ya mjane.

"Mama, neno ni langu," alisema. "Kinachochekwa si changu. Mimi nilisema kuvalilia ni kuvaa nguo ya uliyempenda mpaka mwili uizoee, kwa sababu mwenyewe hujazoea. Hivyo ndivyo nilivyosema. Hayo mengine ni ya huyu." Akamgeukia Redio, na hasira yote ya miezi ile ikafurika. "Na wewe pia nina neno lako! Mchukucheko! Anayebeba neno la mwenzake mpaka penye kicheko, pakigeuka kilio ndipo anakumbuka ni la nani!"

Fundi mmoja aliguna. Redio alijifanya anapanga vitambaa kaunta.

Kimya alimtazama mjane, akingoja uso ule ulainike. Haukulainika.

"Hata hilo la kwako," mjane alisema, "nilikuomba?"

Mjane alisogea mpaka kwenye meza ya pasi.

"Shati lile ni la mume wangu. Nililileta lishonwe. Sikulileta lipewe jina. Huyu amenicheka, wewe umenitazama mpaka ndani, na wote wawili mmetoka nje na changu." Akanyoosha mkono. "Nipe niondoke."

"La leo bado limefumuliwa mabega, mama," fundi wa jirani akasema kwa aibu. "Mikono iko mbali na mwili."

Mjane alifumba macho. Alipoyafumbua, alivuta kiti cha wateja, akakiweka katikati ya chumba, akakaa. "Basi lishonwe nikiona. Na alishone huyu." Kidole chake kilimwelekea Kimya. "Bila kusema kitu."

"Huyu hashoni, mama, huyu ni wa vifungo," shangazi alianza.

Kimya alishachukua vipande. Alikwenda dirishani, akavuta kiti, akakalia cherehani ile. Mashavu yalimwaka kwa hasira: kwa Redio, kwa shangazi, na hasira moja mpya iliyomwelekea yeye mwenyewe, ambayo hakupata pa kuitupa.

"Nani kakwambia ukae hapo?" Redio alifoka, akija kusimama mbele ya dirisha.

"Toka kwenye mwanga wangu," Kimya alisema.

Mshono wa kwanza ulikwenda upande. Aliufumua wote, uzi baada ya uzi, mjane akimtazama mikono. Akaanza upya.