Mkate Mbichi Chini, Juu Umeungua

1.

UJUMBE WA MFUMO
Jukwaa la Waokaji

Mpendwa GAUDE_MIKATE,

Mada yako Na. 4417, "Mkate mbichi chini, juu umeungua", iliyoanzishwa Aprili 2015, haijapata jibu hadi leo. Kwa mujibu wa utaratibu mpya, mada zote za zaidi ya miaka mitano zisizo na jibu zitafutwa tarehe 30 Juni, saa kumi na mbili jioni.

Ujumbe huu umetumwa na mfumo. Usijibu.


2.

Aliyeandikiwa ujumbe huo, Gaudensia, yuko chini ya saruji, mwaka wa pili sasa. Iliyo hai ni simu yake, kwa sababu mumewe, Osmundi Mlowe, huichaji kila Jumapili. Kwa nini anaichaji, mwenyewe hajui, na wewe unayesoma usimuulize.

Aliishia darasa la nne. Alisoma ujumbe kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka akafika pale mwisho.

Usijibu.

Ndivyo walivyo wakubwa, akasema. Wanakuandikia, halafu wanakufunga mdomo.


3. (Mada yenyewe)

GAUDE_MIKATE:
Wakuu, habari za kazi. Mimi mama wa mikate huku kwenye baridi. Nina tanuri la matofali, la kuni. Mkate unaungua juu, chini unabaki mbichi, unanata kidoleni. Nimebadili unga, nimebadili hamira, nimebadili kuni. Kwa sasa naigeuza yote katikati ya kuoka, kichwa chini miguu juu. Naungua mikono ila inaiva. Kuna dawa? Tafadhali msiniambie nimwite fundi. Fundi ni mume wangu. Alilijenga wiki tatu, akachora jina langu mlangoni kwa msumari. Sitaki ajue.

MAMA_KASULU:
Hata langu liko hivyo hivyo. Nakaa hapa nisubiri jibu.




(Miaka tisa.)


4. Waliolaumiwa na Osmundi Mlowe kwa makovu ya mikono ya mkewe, miaka yote hiyo:

— kiwanda cha unga
— waliokataza kukata miti mikubwa, watu wakabaki na kuni za miti ya miwati zinazorusha cheche
— mwenyekiti wa kijiji, huyu kwa kila kitu
— waziri, yeyote aliyekuwepo
— Mungu, kidogo, na kwa sauti ya chini
—


5.

Maana alimwona akigeuza. Kila siku alimwona. Alidhani mkate ndivyo unavyookwa.

"Mama Fride, mikono imekuwaje hiyo?"

"Moto, baba Fride. Haunijui bado."

"Ningekuwa serikalini mimi, hizi kuni ningezipiga marufuku."

"Ungekuwa serikalini tungekufa njaa. Hebu nishikie mlango."

Akashika mlango. Akacheka. Mkono wake ulikuwa juu ya jina lile alilolichora, na mke anaingiza mikono ndani, anageuza, anageuza, na yeye fundi amesimama pale kama


6.

Jumatatu asubuhi aliandika kwa simu ya marehemu, kwa herufi kubwa, kwa kuwa bado hakujua kuzipunguza.

GAUDE_MIKATE:
HUYU AMEFARIKI. MSIFUTE. NI MANENO YAKE

FUNDI_KEKI:
Mkuu, 2015? Unafukua makaburi!

GAUDE_MIKATE:
KABURI LAKE NIMEJENGA MIMI MATOFALI MIA MBILI NA KUMI. HALIFUKULIWI NA SIMU

FUNDI_KEKI:
Samahani sana mzee wangu. Ni lugha yetu ya humu tu, mtu akiamsha mada ya zamani. Pole kwa msiba.

MSIMAMIZI 2:
Imebainika kuwa mwenye akaunti hii ni marehemu. Marehemu haruhusiwi kuchangia. Akaunti imesimamishwa.


7.

(Mchango wa mwisho wa GAUDE_MIKATE kabla ya kusimamishwa umefutwa na msimamizi kwa sababu ya lugha.)


8.

KANUNI ZA KUFUFUA MADA
Zisomwe kabla ya kugusa chochote

(a) Mada ya zamani haifufuliwi kwa salamu, kwa pole, wala kwa "nakaa hapa".
(b) Anayefufua aje na jipya. Asiye na jipya asome apite.
(c) Mada isiyo na jibu itanusurika endapo itajibiwa, na mwanachama mwingine akathibitisha kuwa amelijaribu jibu hilo, likafaa.
(d) Huruma si jibu.


9.

Alimpigia bintiye, Fridolina, aliye Mbeya.

"Ni walewale! Hospitali walisema gari halina mafuta. Hawa wanasema akaunti imesimamishwa. Mama yako anauawa mara ya pili na watu wenye mihuri!"

"Baba, punguza sauti, nakusikia. Nimesoma kanuni zao. Wanachotaka ni jibu tu."

"Jibu gani?"

"La swali la mama. Kwa nini chini mbichi."

Osmundi aligeuka akalitazama tanuri.

"Baba? Upo?"

"Na wewe ulijua?"

"Baba jamani. Mimi si ndiye nilikuwa nageuza upande wa kushoto."

"Miaka yote hiyo hamkuniambia!"

"Mama alisema ukijua utalibomoa siku hiyo hiyo, halafu utalala bila kula wiki nzima. Alisema, bora mikono."

Bora mikono.


10.

Sasa mtazame. Mzee wa miaka sitini na saba, kichwa na mabega ndani ya tanuri lililopoa miaka miwili, na miguu nje kama mtu aliyemezwa nusu. Anagonga sakafu kwa tindo. Anang'oa tofali la kwanza. La pili. Chini ya matofali anakuta zege, na chini ya zege hakuna kitu. Zege imekaa juu ya jiwe tupu, baridi kama tumbo la chura.

Moto wote wa chini ulikuwa unanyonywa na jiwe.

Alikuwa akijua. Hilo ndilo. Fundi aliyemfundisha kazi, pale misheni, alimwambia hadi akachoka: chini ya sakafu ya tanuri weka chupa tupu, zilaze, zifukie kwa mchanga mkavu, ndipo upange matofali, joto likose njia ya kushukia. Lakini wiki ile ilinyesha. Mchanga ulikuwa umelowa. Na Gaudensia alishawaambia watu kanisani kwamba Jumapili kuna mkate.

Akatafuta wa kumlaumu. Mvua. Watu wa kanisani. Aliyeleta mchanga. Nani alikuwa mkubwa wa kazi hii? Nani aliikagua akasema imepita?

Osmundi.

Alikaa humo ndani muda mrefu. Alipotoka, uso wote ulikuwa masizi, isipokuwa mistari miwili.


11.

Tarehe 19. Ameokota chupa sitini na nne nyuma ya baa ya njia panda. Mwenye baa: "Mzee Mlowe, umeanza lini?" Osmundi: "Leo. Nazianza zikiwa tupu."

Tarehe 20. Amekaanga mchanga juu ya bati hadi ukakauka. Ndoo kumi na moja.

Tarehe 21. Chupa, mchanga, matofali yaleyale. Kuta hajazigusa. Mlango hajaugusa.

Tarehe 22. Moto mdogo wa kukausha. Mkono sakafuni: joto. Amekaa na mkono pale mpaka


12.

OSMUNDI_FUNDI (mwanachama mpya):
Jibu la swali la mwaka 2015. Chini mbichi ni kwa sababu sakafu imekaa juu ya zege. Ng'oa. Weka chupa tupu zimelala, mchanga mkavu kiganja kimoja na nusu, rudisha matofali bila saruji. Washa moto mdogo siku tatu. Mimi ndiye fundi aliyejenga. Si unga. Si kuni. Si serikali. Ni mimi. Nilikuwa na haraka. Mke wangu aligeuza mikate kwa mikono yake ili mimi nisijue. Sasa najua. Kama wewe mumeo ni fundi, mwambie. Atanuna. Mwambie hivyo hivyo.

MSIMAMIZI 2:
Jibu limepokelewa. Linasubiri uthibitisho kwa mujibu wa kanuni (c).

MAMA_KASULU:
Simu imelia nikadhani ni utapeli. Baba, nimekaa hapa miaka tisa, makalio yamekufa ganzi. Nami nageuza mpaka leo! Chupa ninazo. Nabomoa kesho.

FUNDI_KEKI:
Mama, tupe mrejesho.

MAMA_KASULU:
Mrejesho utaupata nikimaliza kugombana na mume wangu. Na yeye ni fundi.


13.

Tarehe 30, saa tisa na nusu alasiri.

MAMA_KASULU:
Wakuu, tulinyeshewa siku mbili, tumechelewa. Sakafu imekauka asubuhi hii. Ndiyo kwanza nawasha.

OSMUNDI_FUNDI:
Usiharakishe. Sakafu ikichelewa iache ichelewe.

FUNDI_KEKI:
Lakini mzee, saa kumi na mbili wanafuta.

OSMUNDI_FUNDI:
Najua. Asiharakishe.

(Osmundi hakuwa na karatasi yoyote yenye mwandiko wa mkewe, wala barua. Alikuwa na mistari ile tu.)

Saa kumi na moja na dakika kumi.

MAMA_KASULU:
Nimetia sita. Sigeuzi.

MSIMAMIZI 2:
Wadau, kikanuni sina mamlaka ya kuongeza muda. Ufutaji hufanywa na mfumo.

Na dakika tano baadaye, jambo ambalo Osmundi Mlowe, katika maisha yake yote ya kugombana na wenye mamlaka, hakuwahi kuliona:

MSIMAMIZI 2:
Nakaa hapa.


14.

Osmundi naye alikuwa ametia. Minne tu, kwa kipimo alichokikumbuka kwa macho, maana hakuwahi kuuliza. Alisimama mbele ya mlango, beleshi la mbao mkononi. Harufu ilipofika katikati, ile saa aliyokuwa akiitwa, baba Fride, nishikie mlango, mkono wake wenyewe ulishika mlango. Ukafungua. Ukaingia nusu.

Joto likamlamba nywele za mkono.

Juu ilikuwa ya dhahabu. Chini nani anajua.

Akautoa mkono.

Hakugeuza.

Akafunga mlango na kuuegemea, kiganja juu ya jina. Herufi ya G ilikuwa imefifia. Akasema moyoni atatafuta msumari.


15.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Mkate wa kwanza umetoka. Ameupindua juu ya gunia, tumbo juu. Amekunja kidole. Amegonga.

Sauti kavu, ya kitu chenye nafasi ndani, sauti ya mkate ulioiva chini. Kama mlango wa nyumba yenye watu.

Akagonga tena, kwa raha tu.

Simu juu ya rundo la kuni ikatikisika.

MAMA_KASULU anaandika


anaandika