Mwalimu Laku Anatafuta Mtu wa Nje

Elena, jirani yetu hapa Koboko, anasema Mwalimu Laku amefukuzwa kwenye intaneti kwa wizi wa namba. Eti wazungu walimpigia simu wakamfokea mpaka chai yake ikapoa.

Hakuna aliyepiga simu. Nilikuwepo, maana nafanya kazi kwenye duka lake la kuchapa.

Kompyuta ya dukani ilitafuta namba tasa miaka miwili, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kila asubuhi niliipangusa vumbi, nikaandika jibu lake kwenye daftari: si tasa. Si tasa. Umeme ukikatika, nilihamishia waya kwenye sola. Mwezi wa tatu mwaka huu ikapatikana moja, tarakimu laki sita na zaidi. Mwalimu alicheza mpaka kiatu kikamtoka.

Akaandika kijitabu, akakichapisha mjini Arua. Kisha akaingia kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, akaiweka namba yake kwenye ukurasa wa rekodi. Ushahidi? Kijitabu chake mwenyewe.

Waangalizi wa ukurasa wakafuta. Wakamwandikia kwa adabu: usitaje kazi yako, mwachie mtu wa nje aamue kama inafaa.

Jana akanivutia kiti, jambo ambalo alikuwa hajawahi kufanya.

"Drateru, weka wewe. Wewe iko mtu wa nje."

"Mimi, mwalimu? Niliishia darasa la saba."

"Huko hakuna mtu anauliza cheti. Andika tu: Laku wa Koboko amepata namba. Kwisha."

Nikamfungulia daftari. Kurasa mia na kitu, mwandiko wangu mtupu.

"Hii aliandika nani?"

"Wewe."

"Basi mimi ni mtu wa nje wa wapi? Kijitabu nimekisoma mara tatu. Umeshukuru shemeji yako wa Lurujo, umeshukuru hata sola. Drateru hayumo."

Akakohoa. "Nikikuandika, nani atatuwekea namba?"

"Sijui. Lakini naomba uandike jina langu, mwalimu, kabla hujapeleka nakala nyingine Arua."

Elena akachungulia mlangoni, beseni kichwani. "Mwalimu! Wamekurudishia namba?"

Mwalimu Laku akachukua kalamu, akaikagua ncha yake muda mrefu, kisha akaniuliza kama sukari ya chai iko.