Jina la Baba Mkwe

Mwaka ule baada ya vita, Wadachi walikuwa wameshachoma maghala yetu, na bado wakatutungia amri: mgeni yeyote akiingia Songea, mwenyeji wake aende bomani kumwandikisha kabla jua halijazama. Asipoandikishwa, ni mwasi. Mgeni, katika nchi aliyozaliwa! Na wanaosema hivyo wamekuja juzi.

Baba mkwe wangu alifika kutoka Mpitimbi miguu imevimba kwa njaa. Mume wangu, Wadachi walikuwa wamemchukua kubeba mizigo yao, basi nikamtengea mzee uji, nikaenda bomani mwenyewe.

Karani alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe, pua juu.

"Jina la mgeni?"

"Baba wa mume wangu."

"Nimekuuliza jina."

Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe, hata iweje. Mtu akikwama hivyo humwomba mwingine amtajie, nami ndivyo nilivyofanya. Nikawageukia wafungwa waliokuwa wakibeba mawe ya ukuta, wamefungwa mnyororo shingoni. Mmoja alikuwa wa Mpitimbi, kwao mume wangu.

"Kaka, nitajie baba yake mume wangu."

"Ngaponda," akasema, uso ukamchangamka. "Kumbe yu hai?"

Karani akaruka kitini. "Mzee huyo anajuana na waasi!"

Nilimweleza. Niliapa. Nilimpigia magoti mjinga yule, na mpaka leo nikikumbuka nataka kutema mate. Akatuma askari wawili wakamkamate mzee, mimi niwaonyeshe njia.

Tulipoliona paa la nyumba yangu huko Msamala, nikapaza sauti: "Ngaponda! Ngaponda!"

Askari wakacheka. Walidhani namwita atoke. Lakini mzee alijua kwamba mke wa mwanawe hawezi kulitamka jina lile ila mambo yameharibika kabisa.

Tuliukuta uji umebaki nusu, na ua wa nyuma umebomolewa. Miguu ile iliyovimba sijui aliibebaje.

Hapo kicheko kikawaisha. Walinichapa viboko uani kwangu, wakiniuliza amekwenda wapi. Kila walipouliza nililitaja jina lake, kwa sauti yangu yote, ili alisikie huko porini na asirudi.