Kofia ya Usalama Kiwandani Kibugu

Wambura alikuwa ameomba wavu wa kukinga belti ya mashine ya kusaga chai tangu mvua ya Aprili. Alicholetewa ni kofia.

Ilikuja mwaka wa 1997 pamoja na kijana wa Nairobi, Kailemia, na kompyuta kubwa kama debe. Ukiivaa, macho yanazibwa, na unajiona ndani ya kiwanda cha picha, ukijifunza kukwepa hatari bila kuumia. Mama huyo alikuwa msimamizi wa zamu, kwa hiyo akatangulia. Belti ya kwenye picha ilikuwa na wavu safi kabisa. Akaivua kofia na kuitazama belti yake iliyo wazi.

Meneja Mwirigi aliamuru kila mtu aivae, kisha arudi kazini papo hapo, maana majani yalikwisha kunyauka yakingoja kusagwa. Njue, mmoja wa wafanyakazi, alirudi akiyumba, akaegemea nguzo na kutapika. Nyuma yake, mwenzake Felicitas alipapasa akitafuta pa kushika, na mkono ukaelekea kwenye belti. Wambura akamvuta kwa kola, akazima mashine.

Meneja alifika akihema. "Nani amezima?"

"Ni mimi, bosi."

"Mama, majani yataharibika."

"Hawa wanaona vitu viwili viwili. Niwaweke wapi?"

"Lakini hayo ni mafunzo ya usalama."

"Ndiyo yamewalewesha."

Mwirigi alisema wanajifanya, akaivaa kofia mwenyewe mbele yao. Muda si muda alikuwa ameukumbatia ukuta, akimwuliza Kailemia kwa sauti ndogo kama sakafu imelala sawa. Wengine waliziba midomo wasicheke. Wambura hakuwa na hamu hata ya kutabasamu.

Mchana meneja alimwita ofisini, uso bado umempauka.

"Kofia inarudi Nairobi."

"Na wavu?"

"Tutaangalia mwezi ujao."

Wambura akashusha pumzi. "Basi mashine nayo itawashwa mwezi ujao."

Mwirigi akasugua paji la uso, kisha akamtuma dereva mjini Embu akalete wavu. Kufikia jioni wavu ulikuwa umefungwa na mashine inanguruma.

Lakini majani ya siku ile yalikwisha kuchacha. Wakulima walioyaleta walipokuja kulalamika, meneja aliwaonyesha mlango wa Wambura. Wambura akavuta kiti, akawaambia waseme mmoja mmoja.