Stika za Mnara wa Saa

Mkutano wa tatu ulikuwa kama wa pili, ila watu walikuwa wamepungua na joto limezidi. Mama Vifungo alikaa nyuma kabisa, miguu ikimwaka moto. Alishinda kwenye cherehani tangu asubuhi akimalizia sare za shule. Wifi yake, muuza mitumba, alikuwa ameshaanza kusinzia pembeni.

Mbele ya ukumbi, afisa mipango alitundika ramani mpya ya ukarabati wa mtaa wa kale. Kijana wa watu, mpole, shati limemganda mgongoni.

"Mama zangu, baba zangu, hii ndiyo rasimu iliyotokana na maoni yenu."

Mama Vifungo aliikodolea macho ili tu naye asisinzie. Akautafuta upenu wa posta ya zamani, pale wanapofanyia kazi yeye, fundi viatu na fundi saa. Haukuwepo. Palichorwa ukuta mtupu na mti mmoja wa kijani, mzuri kweli.

"Mwanangu," akasema bila kusimama, "upenu wa posta umekwenda wapi?"

"Ule uliongezwa baadaye, mama. Tunataka jengo lionekane lilivyokuwa mwanzo."

"Na sisi tunaokaa chini yake tuonekane wapi?"

Afisa hakubisha. Alikunjua ramani ya mkutano wa kwanza, siku ambayo kila mkazi alipewa stika nyekundu na kuambiwa abandike mahali anapopathamini. Mnara wa saa ulikuwa umefunikwa wote. Lango kuu nalo halionekani kwa wekundu. Kwenye upenu hapakuwa na stika hata moja.

"Tulifuata stika zenu," akasema taratibu. "Pale hakubandika mtu."

Watu wakatazamana. Fundi viatu akakohoa, akainama kama aliyeangusha kitu.

"Wewe zako ulibandika wapi?" wifi akanong'ona, usingizi umemruka.

"Mnarani."

"Zote?"

"Zote."

"Saa yenyewe ilikufa hata sijaolewa! Wifi, una akili kweli?"

"Na zako je?"

Wifi akaangalia dari.

Ndivyo walivyofanya wote. Waliulizwa wanathamini nini, wakajitia ugeni kwenye mtaa wao wenyewe, wakabandika panapofaa kupigwa picha ya kalenda. Nani angekumbuka kukibandikia stika kiti anachokikalia kila siku? Upenu ulikuwa kazi. Kazini mtu anaamka anakwenda, basi.

Mama Vifungo akasimama, goti likalia. "Nipe stika nyingine."

"Hatua hiyo imeshafungwa, mama." Afisa akajipangusa uso. Naye alionekana hajala tangu asubuhi. "Lakini njia ipo. Wanaoutumia upenu waje wenyewe waseme mbele ya kamati. Jumamosi asubuhi. Mtu mmoja hatoshi, watasema ni shida yake binafsi."

Jumamosi! Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wanawe. Siku nyingine zilikuwa za kuziba viraka tu.

"Jumamosi mimi nina wateja," fundi viatu akasema.

"Nani hana?" Mama Vifungo akamkata. "Usipokuja, baba, utashonea viatu juu ya ule mti."

Watu wakacheka, kicheko cha kuchoka. Fundi viatu akakuna kichwa. "Haya, nitakuja."

Nje, wifi alimshika mkono wakashuka ngazi pamoja.

"Watakuja kweli?"

"Wakiachwa wenyewe? Hawaji. Lazima niwapitie mmoja mmoja."

"Leo? Si ulisema huwezi hata kusimama?"

"Siwezi. Wewe tangulia, wape watoto chakula. Wakiuliza, waambie mama yao yuko mkutanoni."

"Mkutano si umekwisha?"

"Umekwisha kwa nani?"

Akakaza mtandio, akageukia kushoto, kwenda kwa fundi saa, ambaye hakuhudhuria mkutano hata mmoja na ambaye kwa ubishi hakuwa na mwenzake mtaa mzima.