Wasikilizaji Wanane wa Pakou

Masomo ya jumla yote ya chuo cha jamii Pakou Vue alikuwa ameyameza, matamu na machungu, ukabaki mfupa mmoja kooni: somo la kuhutubia.

Alichotaka ni kusomea udongo, basi. Kwa nini shamba hili linatoa nyanya za kumwaga na la jirani linatoa magugu. Lakini chuo kikuu hakikupi udongo hivi hivi. Kwanza usome nyota, usome takwimu, usome ngoma za mataifa, usome Wagiriki wa kale na ugomvi wao, ndipo ufunguliwe mlango. Pakou alisoma vyote. Nyota alizipenda, Wagiriki aliwavumilia. Kuhutubia alikukimbia muhula baada ya muhula, akijiandikisha na kujiondoa, kama mtu anayekwenda kung'oa jino akaishia mlangoni kwa daktari.

Kiangazi hiki hapakuwa tena na pa kukimbilia. Chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi kwa sharti moja: afaulu somo hilo kabla ya Septemba, la sivyo nafasi apewe mwingine. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hakujiona mtu wa kuomba mara ya pili.

Na woga wake haukuzuka hewani. Baba yake, Chue Neng Vue, alikuwa mshenga, na mshenga wa Wahmong, watu wa milima ya Asia, si wa kufikisha posa na kurudi kwake. Huketi mezani, mshenga wa upande wa pili mbele yake, wakashindana kwa maneno kutwa nzima, vikombe viwili viwili katikati. Kwenye meza ya Chue Neng sheria zilikuwa mbili. Neno lililosemwa halilali bila kujibiwa, na aliyeshindwa hoja anakunywa. Kuanzia Fresno hadi Sacramento, huko California, hapakuwa na ukoo usiomjua, na wote walijua kwamba Chue Neng hurudi nyumbani na koo kavu.

Sasa binti wa mtu kama huyo anajifunzia wapi kusema? Pakou alipokuwa na miaka kumi na miwili alisimamishwa kwenye sherehe ya mwaka mpya atoe salamu. Akasahau mstari wa tatu. Kabla hajameza mate, baba yake alikwishasimama akammalizia, vizuri sana, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo alimmalizia kila kitu. Pakou akianza sentensi mezani, Chue Neng anaifunga. Hakuwa mbaya, maskini, aliona anamsaidia.

Ndiyo maana Pakou alichagua darasa la mtandaoni. Alijiona mjanja: atahutubia simu jikoni, mlango umefungwa, mambo kwisha. Masharti hakuyasoma hadi chini, na huko chini ndiko yalikokuwa yamemsubiri. Kila hotuba itolewe mbele ya watu wazima wanane, walio hai, wanaoonekana kwenye video mwanzo na mwisho. Video isikatwe mahali popote. Na isizidi dakika kumi, ikizidi, sifuri.

Watu wanane angewapata wapi bila baba kujua? Akawaza, akakumbuka soko la Jumamosi, anakouza mboga za familia tangu akiwa mdogo. Jumamosi mchana Chue Neng huwa harusini. Basi saa ya kufunga Pakou akawa anawakalisha majirani wa meza juu ya makreti matupu: Ofelia wa tamale, vile vinyunya vya mahindi vya Kimeksiko, Harbhajan wa mapichi na mkewe, mtu na mkewe wanaouza maua, Arturo wa mayai, na shangazi zake wawili walioapishwa kufunga midomo. Hotuba mbili zilipita hivyo, ya pili akiwa ameinua macho kidogo kutoka kwenye viatu. Ikabaki ya tatu, ya kushawishi, nayo ndiyo ilikuwa na alama nyingi zaidi. Siku ya mwisho kuituma ilikuwa Jumamosi ile ile ya kuitoa.

Na siku hiyo hiyo bwana harusi mmoja kule Merced akapatwa na mafua, harusi ikaahirishwa.

"Baba yako yupo," Shangazi Mai Yia alimnong'oneza. "Anapakia makreti. Tufanye haraka kabla hajageuka."

"Haraka gani, shangazi, na mikono imejaa udongo hivi?"

"Ijae. Kwani unahutubia kwa mikono?"

Simu ilikuwa imekwisha kusimamishwa juu ya rundo la maboga pale simu ya Arturo ilipolia. Akasikiliza, akasimama.

"Samahani, mwanangu. Mbwa wa jirani kaingia bandani. Mke wangu anapiga kelele, kuku wanapiga kelele, sijui nani ni nani." Akaondoka mbio na gari lake la mayai.

Wakabaki saba. Soko lilikuwa limekwisha kutawanyika. Hata mpita njia hakuonekana. Ofelia, mwanamke asiyejua kushindwa na jambo dogo, akazungusha macho, akaita kwa sauti ya kuuzia tamale: "Mzee Chue! Acha makreti, njoo ukae hapa."

Pakou alitamani ardhi immeze.

"Kuna nini?" Chue Neng akauliza, akija huku anajifuta mikono.

"Binti yako anahutubia. Tumepungukiwa na mtu mmoja."

"Nani anahutubia? Huyu?" Chue Neng akacheka kwa upendo kabisa. "Huyu nikimtuma chumvi kwa jirani anarudi na kibakuli kitupu, eti aliona haya kumsumbua."

"Haya niliona mimi, baba."

"Ndicho nilichosema." Akakaa kwenye kreti la Arturo, akavua kofia, akazilaza nywele zake kwa kiganja. "Meza iko wapi? Vikombe?"

"Baba, hapa hakuna meza. Kazi yako ni kusikiliza tu. Usijibu."

"Nisijibu," akarudia, kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Ofelia, kumtuliza, alimwekea kikombe cha juisi ya rozela juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chue Neng akakitazama. Ofelia akaongeza cha pili. Sasa uso ukakunjuka.

Pakou alibonyeza simu, akawapitisha wote wanane kwenye kamera, akarudi kusimama mbele. Hoja aliyokuwa ameichagua ilikuwa hii: mkulima anapaswa kusoma mambo yasiyo ya shamba. Aliichagua kwa sababu mwalimu alitaka jambo ambalo wasikilizaji hawalikubali, na wale wote walikuwa wamekwisha kumuuliza, kila mmoja kwa wakati wake, nyota zinaongeza nini kwenye bamia.

Alianza kwa sauti ya mtu aliye msibani. Akasoma karatasi. Akasema kuhusu nyota kidogo, Harbhajan akapiga miayo. Kisha akafika kwenye takwimu, na hapo sauti ikapata joto, kwa sababu hilo lilikuwa lake.

"Kwa kazi ya darasa niliandika kila mteja wetu alinunua nini," alisema. "Nikagundua jambo. Anayekuja kutafuta karela ndiye anayeondoka na mchaichai, na nyanya, na giligilani. Karela zenyewe hazitupi kitu. Lakini zikiondoka, yule mteja anaondoka nazo."

Chue Neng akajipinda kwenye kreti. Mwezi mzima alikuwa anasema karela, yale matango machungu, zing'olewe.

"Karela ni hasara," akasema.

"Mzee, tumeambiwa tusijibu," Harbhajan akamnong'oneza.

"Sijibu. Nasahihisha."

"Mke wangu hupita kwenu kwa ajili ya karela," Harbhajan akasema. "Anarudi na kikapu kizima."

"Wewe umeambiwa usijibu."

Wauza maua wakacheka. Pakou alipoteza mstari. Alitazama karatasi, maneno yakawa yanatambaa. Kimya kikaja, kile kile cha mwaka mpya, akakitambua kama unavyotambua harufu ya nyumba uliyougulia. Na kama ilivyo ada, Chue Neng akasimama.

"Anachotaka kusema binti yangu," alianza, kwa Kiingereza chake cha sokoni kilichovaa joho la harusini, "ni kwamba sisi watu wa milimani tulitoka mbali. Babu wa babu yangu alivuka mto..."

Shangazi Mai Yia akafumba macho. Alimjua kaka yake: babu wa babu akishavuka mto, hakuna anayekula mpaka jioni. Chue Neng alisema vizuri, tena sana. Alimtoa babu mtoni, akampandisha mlimani, akampa mbegu za karela mkononi. Hata Harbhajan akaacha kupiga miayo. Saa kwenye simu ilikuwa inakimbia, imekwisha kupita dakika saba. Pakou aliona nafasi yake chuoni inaondoka polepole mikononi mwa mtu anayempenda, na kwa mara ya kwanza maishani hasira ikawa kubwa kuliko woga.

"Baba. Sijamaliza."

Hakupaza sauti. Lakini katika ukoo mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumkata kauli Chue Neng Vue, na babu wa babu akabaki amesimama mlimani na mbegu zake.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema.

"Najua. Kila siku unanisaidia. Tangu nina miaka kumi na miwili sijawahi kufika mwisho wa sentensi yangu nikiwa na wewe." Karatasi alikwishaikunja mfukoni bila kujua. "Utaniuliza hotuba inanisaidia nini, na mimi nataka kusoma udongo. Nikujibu?"

Chue Neng akafungua mdomo. Mai Yia akamvuta shati, akakaa.

"Udongo hausemi, baba. Mwaka jana kisima chetu kilipokauka, ulikwenda kwenye mkutano wa maji?"

"Kulikuwa na harusi."

"Kulikuwa na harusi. Nilikwenda mimi. Nilikuwa najua kila kitu, kisima kina kina gani, nani anavuta maji mengi na kwa nini. Nilikaa nyuma mpaka mwisho sikusema neno, nikarudi nyumbani nikalia. Wenye mashamba makubwa walisema, wakapewa. Kwa hiyo wale wa chuo si wajinga. Wamenikatalia udongo mpaka nijue kuusemea, na wana haki." Akavuta pumzi. "Naomba mambo mawili. La kwanza, karela zibaki. La pili, mwezi wa tisa unipeleke chuoni wewe mwenyewe, na njiani niongee mimi. Nimemaliza."

Akaigeuza simu kuwaonyesha wasikilizaji, kama sharti lilivyotaka. Ofelia alikuwa anajifuta macho kwa aproni. Harbhajan amekaa wima. Na Chue Neng alikuwa anaitazama ile ndoo.

Alikitazama kikombe cha kwanza kwa muda. Kisha akakiinua kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akakinywa chote. Akakipindua kwenye ndoo. Akainua cha pili, akakinywa nacho, akakipindua. Pakou akaizima simu, dakika kumi bado hazijatimia, akakaa chini juu ya maboga.

Wale wengine walipiga makofi kwa ajili ya hotuba. Shangazi Mai Yia hakupiga. Alikuwa ameshika kifua.

"Mzee alikuwa na kiu hivyo?" Ofelia akamuuliza.

"Kaka yangu?" Mai Yia akasema. "Miaka thelathini hajawahi kuwa nayo."

Mwalimu alimpunguzia Pakou alama kwa fujo ya wasikilizaji, akamwongezea nyingine kwa namna alivyoijibu, na chini akauliza kama yule bwana wa kofia anahitaji darasa. Akafaulu. Karela zikabaki, ingawa Chue Neng aliwaambia watu kwamba wazo lilikuwa la babu wa babu yake.

Mwezi wa tisa alimpeleka mwenyewe, kwa lori la mboga, mabegi nyuma na mfuko wa wali wa kunata katikati yao. Pakou aliongea. Alieleza chumvi inavyopanda kwenye udongo wa bondeni, akapita Merced akiongea, akapita Modesto. Mbele kidogo akakwama, akitafuta neno. Chue Neng alilijua lile neno. Lilikuwa limemkaa kabisa kwenye ncha ya ulimi. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akatazama barabara, akangoja.