Upungufu wa Ghala

Saa nne asubuhi miguu ya Mama Utepe ilikuwa imekwisha kuvimba, na zamu ilikuwa bado imebakiza saa saba. Alisimama kwenye meza namba kumi na nne, alipokuwa akisimama kwa miaka tisa. Boksi lilimfikia likiwa bapa. Alilikunjua, akaziba chini, akatia bidhaa, akashindilia karatasi pembeni ili isicheze, akaziba juu, akabandika lebo, akasukuma. Sekunde arobaini. Juu ukutani palikuwa na kioo chenye namba za meza zote, na namba ya aliyezembea iligeuka nyekundu ili kila mtu amwone. Safari moja ya chooni ilikula maboksi sita. Tangu alfajiri hakuwa amegusa maji.

Jina hilo alipewa zamani, kabla ya wafungashaji kugawiwa visu, alipokuwa akikata utepe kwa meno. Jino la mbele lilimeguka. Jina likabaki.

Siku hiyo mkanda wa kusafirisha maboksi ulisimamishwa kabla ya mapumziko, jambo ambalo halikuwa kawaida. Msimamizi wa zamu, mwanamume mpole wa sauti, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka, alisema ghala limepata wenye mali wapya, na hao wanataka watu wanaoijua lugha ya kazi. Kila mmoja atapewa kijitabu cha maneno sitini. Jumamosi ya wiki ya pili kutakuwa na mtihani wa kuandika. Atakayefaulu atabaki kwenye meza yake. Atakayeshindwa hatafukuzwa, alisema, atakuwa kibarua wa getini tu: atapanga foleni kila alfajiri, na akinyooshewa kidole ataingia.

Mama Utepe aliishia darasa la nne. Kusoma alijua, kuandika alijua kwa shida, herufi kubwakubwa kama za mtoto. Lakini alikuwa na mkamwana, mke wa mwanawe wa pekee, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa miaka mitatu bila kazi. Mwana mwenyewe alikwenda kutafuta maisha mbali, na tangu aende alituma salamu tu. Wanawake hao wawili waliishi chumba kimoja na mjukuu wa mwaka mmoja, wakila mshahara wa meza namba kumi na nne.

Jumapili walifua nguo uani, kijitabu kikiwa wazi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkamwana alisoma neno, mama mkwe akaeleza. Kumbe karibu yote aliyajua, ila kwa majina mengine. Mzigo uliorudishwa na mteja, ambao kijitabu kiliuita marejesho, wao ghalani waliuita mtalaka. Usio na lebo, yatima. Shehena iliyozungushiwa nailoni nyeupe mpaka juu, bibi harusi. Mkamwana alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwonya kwamba akiandika talaka kwenye mtihani, yeye ndiye atakayeachwa.

Neno lililomsumbua lilikuwa upungufu. Kijitabu kilisema ni tofauti kati ya bidhaa zilizoandikwa kwenye kompyuta na zile zilizopo rafuni. Alilikariri mara tatu na mara tatu likamponyoka.

"Mama, usikariri," mkamwana alimwambia. "Tafuta kitu ulichokiona kwa macho yako, ukifunge kwenye neno. Hapo halitoki tena."

Mama Utepe aliendelea kukamua nguo. Alikikamua kipande kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Mtihani ulifanyika kwenye chumba cha kulia. Alikuja bibi mmoja wa makao makuu, mwenye miwani na kicheko cha karibu, akawaambia wasiogope, kampuni haitafuti ufundi wa kalamu, inatafuta uelewa. Kila jibu liwe na mfano kutoka kwenye kazi zao wenyewe. Akasema mfano wa kweli una alama zaidi. Wapakiaji waliozoea kubeba friji mgongoni walijikunyata kwenye viti vya plastiki wakitokwa na jasho.

Swali la tisa liliuliza upungufu ni nini.

Mama Utepe aliandika maana, neno baada ya neno. Kisha akaandika mfano. Kwamba kila Alhamisi, baada ya chakula, msimamizi humletea katoni za simu, kumi au kumi na mbili, zisizo na namba ya oda. Kwamba yeye huzifungasha, hubandika lebo anazopewa mkononi, hutia saini. Kwamba mzigo huo hautoki mlango wa usafirishaji, hutoka mlango wa marejesho, kama mtalaka. Hapo alikata neno mtalaka akaandika marejesho. Kwa hiyo, alimalizia, kompyuta inasema simu zipo, na rafuni hazipo.

Kwa miaka miwili alikuwa amedhani ni mizigo ya wakubwa, na ya wakubwa huachiwa wakubwa. Sasa jambo lile lilikuwa limepata jina, na jina lilikuwa limemkaa kichwani bila kuponyoka. Aliitoa karatasi kwa mikono miwili. Njiani kurudi nyumbani alinunua ndizi mbili, moja ya mkamwana, moja ya mjukuu.

Hakujua kwamba bibi wa miwani hasahihishi. Karatasi za kila zamu zilipelekwa kwa msimamizi wa zamu hiyo.

Jumatatu aliitwa ofisini. Msimamizi alimvutia kiti. Karatasi ilikuwa mezani, na pembeni yake daftari la kutolea mizigo. Akaanza kwa kumpongeza. Akasema katika zamu nzima hakuna aliyejibu swali la tisa vizuri kama yeye.

Mama Utepe alitazama sakafu. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Hizi katoni, mama, alizifungasha nani?"

"Mimi."

"Lebo?"

"Nilibandika mimi. Ulinipa wewe, baba."

"Mkono wangu upo wapi hapa?" Alifungua daftari, akapitisha kidole Alhamisi moja hadi nyingine. Saini zote zilikuwa za Mama Utepe, zile herufi kubwakubwa. "Sioni mkono wangu. Naona wako. Na sasa umeandika mwenyewe, kwa hiari yako, mbele ya mtu wa makao makuu, kwamba ulikuwa unajua."

Alisema hayo bila haraka, kama daktari anayemweleza mgonjwa. Akaeleza kwamba njia ziko mbili. Ya kwanza, karatasi hii na daftari hili viende polisi. Ya pili, mama mtu mzima apumzike, aandikiwe ameacha kazi kwa hiari, na karatasi ibaki kwenye droo. Kisha akauliza, kana kwamba limemjia hapo hapo, huyo aliyemfundisha maneno ni nani, maana amefundisha vizuri.

Akajibu kwamba ni mke wa mwanawe.

"Ana cheti?"

"Kidato cha nne."

"Basi aje kesho. Mimi si mtu mbaya, mama. Siwezi kuinyang'anya nyumba riziki yake." Akaitia karatasi kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. "Nitampa meza namba kumi na nne."

Nyumbani alimwambia mkamwana kuwa kampuni imempumzisha na imekubali yeye ashike nafasi yake. Mkamwana aliuliza kama alifaulu mtihani. Akajibu kwamba alifaulu. Binti alimkumbatia, akalia, akasema Mungu hamtupi mja wake, akaanza kutafuta viatu vya kusimamia. Mama Utepe alitaka kumwambia asiende. Mtoto alikuwa akilamba sufuria ya jana. Akamwonyesha mkamwana jinsi ya kufunga vitambaa kwenye vifundo vya miguu ili visivimbe upesi.

Alhamisi mkamwana alirudi akichechemea, akakaa kizingitini. Akasimulia kwamba leo msimamizi mwenyewe alimletea katoni kumi na mbili za simu, zisizo na namba ya oda, akamwambia kwamba mama yake alikuwa akizifungasha bila maswali.

"Ukatia saini?"

"Nilitia." Alimtazama mama mkwe. Yeye ndiye aliyemsomea maneno yote sitini. "Mama, mfano wako ulikuwa upi?"

Mama Utepe alimchukua mtoto, akatoka naye nje.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisi ya kazi ya serikali kuthibitisha kwamba ameacha kwa hiari. Alingoja kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa saba. Karani alikuwa kijana mchovu mwenye moyo safi. Aliisoma fomu, akamtazama yule mama, akaisoma tena. Akasema miaka tisa si kidogo, na watu wa ghala lile wanaoacha kwa hiari wamekuwa wengi mno mwaka huu. Akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu. Akashusha sauti.

"Kama kuna jambo, mama, liandike hapa. Likiwa kwa mkono wako, hakuna wa kulifuta. Mimi nitalipeleka juu."

Mama Utepe aliishika kalamu. Maneno yalikuwepo yote, kwa mpangilio: oda, lebo, marejesho, upungufu. Na saini kwenye daftari lile, ya Alhamisi ya mwisho, haikuwa tena ya kwake.

Akairudisha kalamu mezani.

"Sijui kuandika, mwanangu."

Karani aliikunja karatasi nyeupe, akavuta kidau cha wino. Akamwambia basi aweke dole gumba, mwisho wa fomu, penye mstari.

Akabonyeza. Lilibaki doa jeusi.

"Umeteleza, mama. Rudia."

Akarudia. Doa. Karani akamshika mkono, akambonyeza mwenyewe kwa nguvu, kushoto kisha kulia. Madoa mawili zaidi. Akaigeuza mikono yote miwili kwenye mwanga wa dirisha. Miaka tisa ya katoni na gundi ilikuwa imekula mistari yote. Vidole kumi, ngozi laini, hakuna hata kimoja kilichokuwa na alama ya mtu.

Karani aliufuta wino kwenye vidole vyake mwenyewe, akaandika pembeni ya madoa kwamba alama haisomeki, akagonga muhuri, akamwita anayefuata.